Kompyuta Ikikataa Kuachilia Flashi, Ina Sababu

Mhadhara kwa wahudumu wa saiba (maduka ya kompyuta na intaneti), walimu na makatibu wa vyama, Kisumu

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi wa saiba, maana najua Jumamosi ndiyo siku yenu ya wateja. Sitaeleza flashi ni nini wala inachomekwa wapi. Nimekuja kwa jambo moja ambalo baadhi yenu mmenisikia nikilisema mpaka mmechoka, na nitalisema tena kwa sababu flashi zilizoharibika bado naletewa kila wiki: kompyuta ikikwambia kifaa bado kinatumika, usichomoe. Mtafute anayekitumia.

Neno "chomoa tu" nalisikia kila mahali, kuanzia Kondele mpaka Nyalenda. Mteja amemaliza kuchapisha barua yake, amebofya ile alama ndogo ya kutoa flashi iliyo chini pembeni karibu na saa, kompyuta imekataa. Imemwandikia kwamba kifaa kinatumika, afunge programu na madirisha, kisha ajaribu tena. Mteja anamgeukia mhudumu, na mhudumu hata hainui macho: "Chomoa tu, haina shida."

Ina shida. Niwape kisa cha mama mmoja, katibu wa chama cha akina mama. Kitabu chote cha chama, yaani michango, mikopo na faini za kuchelewa, kiko kwenye faili moja la Excel, na faili hilo linakaa kwenye flashi anayoifunga kwenye ncha ya leso. Siku hiyo alikuwa saiba, na saa nane alitakiwa mkutanoni Ahero. Alilifungua faili moja kwa moja kutoka kwenye flashi, akaingiza michango ya mwezi, akabofya kuhifadhi. Wakati huohuo kijana wa saiba alikuwa amemskania cheti cha usajili wa kikundi, anakinakili kwenye flashi ileile. Flashi yenyewe ni ya zamani, imejaa picha za harusi na nyimbo za kwaya, inaandika polepole. Mama akabofya alama ya kutoa, kompyuta ikakataa. Akabofya tena, ikakataa. Kijana akanyoosha mkono, akaichomoa, akampa. "Hizi kompyuta husumbua tu, mama."

Kule Ahero, kompyuta ya mwenyekiti ilipoifungua flashi, kwanza ilionya kwamba ina hitilafu na inafaa kuchunguzwa. Faili la chama halikuwemo. Cheti kilikuwepo kwa jina, lakini ukubwa wake ulikuwa sufuri. Na pale palipokuwa na kitabu cha chama palikuwa na faili lenye jina la tarakimu na herufi nane zisizo na maana yoyote, wala halina .xlsx mwishoni, ule mkia wa mafaili ya Excel. Mkutano mzima ukamtazama katibu. Nyinyi mnaokaa kwenye vyama mnajua maneno yanayoanza kusemwa pale hesabu za pesa za watu zinapokosa kuonekana.

Sasa sikilizeni kilichotokea ndani ya ile flashi. Excel haiandiki juu ya faili lako la zamani. Ukibofya kuhifadhi, inatengeneza faili jipya la muda kwenye folda ileile, inalipa jina la kubahatisha, inaandika kila kitu humo. Ikimaliza vizuri, inalifuta lile la zamani, kisha inalivisha lile jipya jina la zamani. Kijana aliichomoa flashi baada ya la zamani kufutwa na kabla ya jipya kupewa jina. Na kile cheti? Kwenye flashi yenye mpangilio wa FAT32, yaani namna moja ya kupanga mafaili, jina la faili huingia kwenye orodha mapema, ila ukubwa wake wa kweli huandikwa mwishoni, faili linapofungwa. Mwisho haukufika, ndiyo maana jina likabaki bila mwili.

Tulianza kwa kunakili kila kilichokuwa kwenye flashi na kukiweka kwenye kompyuta. Usitengeneze chochote kwenye flashi mgonjwa kabla ya kunakili. Kisha tukaongeza .xlsx kwenye lile jina la ajabu, faili likafunguka, na michango ya mwezi ilikuwemo. Cheti kilibidi kiskaniwe upya. Lakini angalieni: lau flashi ingechomolewa sekunde chache mapema, lile faili la muda lingekuwa nusu, na mwezi huo ungeandikwa upya kutoka kwenye risiti, kama risiti zenyewe zipo.

Kwa hiyo ule ujumbe wa kukataa si usumbufu. Ni kondakta anayeona abiria mmoja bado ana mguu mlangoni, hajagonga bodi. Wewe dereva unaondoa gari kwa nini?

Najua mtu ananijibu moyoni: "Mimi nimechomoa miaka yote na sijapoteza kitu." Huenda hujapoteza. Mara nyingi hakuna kinachoandikwa wakati huo. Programu imeshikilia faili kwa kulisoma tu, na ukichomoa hakiharibiki kitu. Tatizo ni kwamba ukiwa nje huwezi kujua ni siku gani. Taa ya flashi usiitegemee. Kuna flashi zinazowaka muda wote, kuna zisizo na taa kabisa, na taa iliyotulia haikwambii kama Excel itaandika tena baada ya sekunde mbili. Tena flashi ina kompyuta ndogo ndani yake inayotunza ramani ya mahali kila kipande cha data kilipo. Umeme ukikatwa ramani hiyo ikiwa inaandikwa, unaweza kupoteza flashi nzima badala ya faili moja: unaichomeka, inaonyesha ukubwa sufuri, au kompyuta inakuomba uweke diski. Hizo ndizo naletewa, na nyingi siwezi kuzifufua.

Na kuna vijana waliosoma, hao ndio wananipa kazi zaidi. Wananiambia, "Mwalimu, tangu Windows 10 toleo 1809, la Oktoba 2018, Microsoft walibadilisha. Sasa unaweza kuchomoa bila kubofya popote." Ni kweli walibadilisha. Microsoft wanasema kabla ya hapo mpangilio wa kawaida ulipendelea kasi: data ilisubiri kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikapelekwa kwenye flashi baadaye. Tangu toleo hilo, mpangilio wa kawaida ni wa kutoa haraka, yaani Windows haiicheleweshi data makusudi. Lakini mpangilio huo haumalizi kazi kwa niaba yako. Faili lililofika katikati bado limefika katikati. Excel ambayo haijavisha faili jina bado haijalivisha. Isitoshe, mpangilio huo hubadilishwa kwa kila kifaa peke yake, na kompyuta ya saiba imepita mikononi mwa watu wengi kabla yako. Na niambieni ukweli, nyinyi wenye saiba: ni wangapi mngali mnatumia Windows 7? Naona mikono. Basi habari ya 2018 haiwahusu.

Haya, tunamtafutaje anayeshikilia?

Anza na programu, na uzifunge zote, si hati peke yake. Watu hufunga hati ya Word, wakaiacha Word yenyewe wazi, na hiyo inaweza kuendelea kuishikilia folda. Funga kicheza video, funga kisoma PDF, funga lile dirisha jeusi la amri kama liliingia kwenye flashi. Funga pia dirisha la mafaili lililoonyesha yaliyomo kwenye flashi, kwa sababu mara nyingine ndilo lenyewe, linatengeneza picha ndogo za video zako. Antivirasi ikiwa inaikagua flashi, iache imalize. Halafu subiri dakika moja. Dakika moja! Tunasubiri matatu ijae nusu saa, lakini flashi yenye hesabu za watu haipewi dakika moja.

Bado inakataa? Andika resmon, programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inafanya nini, kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, ubonyeze Enter. Nenda ukurasa wa CPU, ukatafute sehemu iliyoandikwa Associated Handles, na kwenye kisanduku chake uandike herufi ambayo Windows imeipa flashi pamoja na nukta mbili, kwa mfano E: hivi. Utaonyeshwa jina la programu na jina la faili ililolishika. Hapo hakuna kubahatisha tena. Njia ya pili ni kuandika eventvwr, daftari la matukio la Windows, ufungue kumbukumbu za System, utafute tukio namba 225 kutoka Kernel-PnP, sehemu ya Windows inayosimamia vifaa vinavyochomekwa. Windows yenyewe imeandika humo programu iliyozuia flashi kutolewa. Nimewaonyesha watu walioshinda kwenye kompyuta miaka na miaka, wakashangaa kwamba jibu lilikuwa limeandikwa muda wote.

Ukiijua programu, ifunge kwa njia yake ya kawaida. Ikigoma kabisa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uichague kwenye orodha, uimalize, mradi umeshahifadhi kazi yako. Ikiwa ni dirisha la mafaili, Windows Explorer, lichague kwenye orodha hiyohiyo uliwashe upya. Ukikuta anayeshikilia anaitwa System, yaani Windows yenyewe, usimguse. Zima kompyuta. Na kuzima nako kuna namna: tangu Windows 8, kompyuta nyingi zikizimwa kwa njia ya kawaida hazizimiki kabisa, huhifadhi sehemu ya mfumo ili ziwake haraka. Shikilia Shift unapobofya kuzima. Ikizimika kabisa, chomoa.

Sasa wa saiba, hapa nisikilizeni zaidi. Kuna mshikiliaji mmoja ambaye si programu yenu. Mmeona flashi ambazo folda zote zimegeuka njia za mkato zenye kishale kidogo? Mwenye flashi analia kwamba kazi yake imefutwa. Haijafutwa, imefichwa. Virusi vya aina hiyo, vingi vyake, ni skripti, yaani faili la amri, inayoendeshwa na wscript.exe, programu ya Windows yenyewe. Inakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kujiandika upya kwenye kila flashi inayochomekwa. Inapojiandika, flashi yako iko mikononi mwake, na kompyuta inakataa kuiachilia. Ukichomoa kwa nguvu, umeondoka na flashi iliyojeruhiwa na yenye ugonjwa, na unaupeleka nyumbani. Kwenye ile orodha ya Ctrl, Shift na Esc ukiona Windows Based Script Host na wewe hukuanzisha skripti yoyote, imalize kwanza, uisafishe kompyuta kwa antivirasi, kisha ushughulikie flashi. Mafaili yaliyofichwa hurudishwa kwa amri hii kwenye dirisha jeusi, ukiweka herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Baada ya hapo futa vile vishale na skripti yenyewe. Mhudumu anayemrudishia mteja flashi bila kuangalia hilo anavieneza virusi katika mtaa mzima, na kesho mteja huyo huyo hatarudi kwake.

Naona naonyeshwa saa. Haya, haraka haraka. Stima: kompyuta ya mezani isiyo na UPS, ile betri ya akiba, ikizimika, ni sawa na kuchomoa, kwa hiyo usiiache flashi imechomekwa unapoenda kunywa chai. Ile amri ya kukagua diski, chkdsk E: /f, ni nzuri kwa flashi inayoonya kuhusu hitilafu, lakini nakili kwanza, ikikuachia folda ya FOUND.000, vipande vyako viko humo. Kwenye Ubuntu, kwa wasiotumia Windows, mstari wa kunakili unaweza kufika mwisho wakati data bado iko kwenye kumbukumbu, hivyo ukiambiwa usubiri, subiri; na amri ya fuser -vm ikifuatwa na njia ya flashi, yaani anwani ya folda yake, hukuonyesha anayeshikilia. Kwenye simu, ingia kwenye mipangilio ya hifadhi, uguse alama ya kutoa iliyo kando ya jina la flashi.

Moja la mwisho kwa makatibu: usifanyie kazi kwenye flashi. Nakili faili kwenye kompyuta, lifanyie kazi huko, lihifadhi, funga programu, ndipo ulinakili kurudi kwenye flashi. Ukiwa saiba, futa nakala uliyoiacha pale, maana ina majina na nambari za vitambulisho za watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haisemi saiba imesamehewa.

Maswali nitayajibu tukiwa tunafanya kazi. Wenye flashi zinazokataa leteni hapa mbele, kompyuta mbili ziko tayari. Tuanze na ya yule mwalimu, halafu wewe kijana mwenye Windows 7.