Mikahawa Mingi, Kapu Moja: Kula Nje Kisiwani Unguja

Ndugu mwenyekiti, wakufunzi, na ninyi wanafunzi wa upishi ambao wengi wenu mtavuka kwenda kutafuta kazi Unguja, nawashukuru kwa kunikaribisha. Mgeni anayetembea Nungwi au Paje wakati wa magharibi hupita mbele ya vibao vya mapishi ya Kitaliano, Kihindi na Kiswahili, akaamini kwamba ana uchaguzi mpana, ilhali majiko hayo yote yanapika kutoka kapu moja. Hiyo ndiyo hoja yangu leo.

Kapu hilo kwa sehemu kubwa linajazwa huku kwetu bara. Kisiwa kina urefu wa kilomita zipatazo 85, na upande wake wa mashariki, kwenye hoteli nyingi, ni ardhi ya mawe ya matumbawe isiyokubali bustani kubwa. Ndiyo maana viazi, vitunguu na nyanya nyingi hupakiwa vyomboni na kushushwa kisiwani kabla ya kufika soko la Darajani, mjini Unguja. Shehena ikichelewa, piza na mchuzi wa Kihindi huumia pamoja. (Wenye mikahawa mliopo mnisamehe, lakini chipsi zenu ni zile zile za Kinondoni.)

Samaki ni wa kisiwani kweli, ila naye ana majira yake. Kusi linapovuma, kati ya Juni na Septemba, bahari ya mashariki huchafuka, na ndani ya miezi hiyo hiyo wageni huwa wengi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu hupungua. Pweza hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na akina mama wakaweza kuifikia miamba. Menyu iliyochapishwa kwa mwaka mzima haijui kusi wala bamvua, na mpishi anayeifuata neno kwa neno huishia kutegemea friza. Hapo ndipo mikahawa kumi inapoanza kuwa na ladha moja.

Tazameni sasa mjini, ambako wenyeji nao hula nje. Pale Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa, wageni huvutwa na mishikaki ya kamba iliyopangwa mezani. Mimi ningewaomba msimame kwa muuza urojo. Hutia bakulini viazi vya kuchemsha, bajia na kachori, akamimina juu yake mchuzi wa manjano uliotiwa uchachu wa embe mbichi au ndimu, akaongeza chatne ya nazi na pilipili, na mwisho chipsi nyembamba za muhogo, ambazo inabidi uziwahi kabla hazijalowa. Hakuna humo kitu cha bei kubwa, wala hakuna kinachotegemea friza, na bado urojo wa huyu haufanani na wa jirani yake, kwa sababu kila mmoja ana mkono wake. Boko boko (ngano iliyopikwa na nyama hadi ikapondeka), mkate wa kumimina wa mchele na pweza wa nazi ni vivyo hivyo, lakini ni nadra kuviona kwenye menyu za ufukweni.

Sababu moja ni utaratibu wa mgeni kulipia malazi na milo yote kabla hajaondoka kwao, kwani aliyekwisha kulipa hana haja ya kutoka getini kwenda kula kijijini. Nyingine ni woga tu wa meneja, anayedhani mgeni hataagiza chakula asichokijua.

Mkahawa wenye meza chache unaweza kuandika vyakula vya siku kwa chaki, kadiri wavuvi walivyorudi. Hoteli yenye wageni mia mbili, ambayo hununua kwa mkataba, haiwezi kuishi hivyo. Inaweza, hata hivyo, kuacha sahani moja wazi kila siku kwa ajili ya kilichofika pwani asubuhi, iwe changu, tasi au ngisi, mradi mpishi amweleze mhudumu jina lake na namna kilivyopikwa kabla wageni hawajaketi. Maana mgeni akiuliza ni samaki gani, akajibiwa kwamba ni samaki tu, ataagiza piza.