Rangi Ikigeuka Waridi, Piga Simu

Mwenyekiti, walimu wangu, madaktari, nanyi wanafunzi wa maabara mliojazana kule nyuma: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Anayenifahamu anajua nitakachosema: bakteria anayevunja urea akipatikana kwenye mkojo, maabara isiishie kutaja jina, ionye pia kuhusu mawe ya figo. Nimelisema kwenye vikao vya maabara, nimelisema wodini, na leo nalirudia kwa sababu fomu za majibu bado zinatoka vilevile. Juu imeandikwa Proteus mirabilis, mmoja wa bakteria hao, chini orodha ya dawa, R kwa dawa isiyomweza na S kwa inayomuua, sahihi, mhuri, basi. Kuhusu figo, hakuna hata neno moja.

Urea mnaijua, sitawarudisha darasani. Ini linaitengeneza kutokana na amonia, figo zinaitoa, na mtu mzima hukojoa gramu 20 hadi 30 hivi kwa siku. Bakteria mwenye kimeng'enya cha urease akiikuta, kila molekuli moja ya urea anaivunja ikatoa amonia mbili na kaboni dayoksaidi. Mliokulia kwenye kilimo mmeshaiona kazi hii. Mkulima akimwaga urea ya kukuzia juu ya udongo wenye unyevu asiifukie, nitrojeni aliyoilipia inapaa hewani ikiwa amonia. Ni urease ya vijidudu vya udongo hiyo. Sasa mpeleke kijidudu wa namna hiyo ndani ya figo ya mtu.

Kwanza maabara. Agari ya urea ya Christensen, jeli ya kuoteshea bakteria ndani ya mrija, tunayo tangu 1946. Peptoni kidogo, yaani protini iliyokatwakatwa, glukosi kidogo, urea asilimia 2, na fenoli nyekundu ya kutuonyesha rangi. Kabla ya kupandwa bakteria ina rangi ya njano inayoelekea chungwa, pH 6.8; pH ni kipimo cha asidi, na ikipanda asidi imepungua. Amonia ikianza kutoka pH inapanda, na ikishapita 8 agari inakuwa waridi kali, huhitaji miwani kuiona. Proteus hachelewi: ukipanda kwa wingi juu ya mlalo wa agari, yaani uso wake ulioinama ndani ya mrija, ndani ya masaa 2 hadi 4 sehemu ya juu imeshageuka. Klebsiella ni wa polepole, mpe siku nzima au mbili. E. koli, ambaye ndiye anayeongoza kwa maambukizi ya mkojo, hageuzi kitu.

Hapa naomba nikae, maana hapa ndipo tunapoharibu. Urea haiingii kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu! Joto lenyewe linaivunja, na mrija unatoka waridi kabla hujapanda chochote. Pika msingi, yaani agari isiyo na urea, peke yake kwa nyuzi 121, uache upoe hadi nyuzi 50 hivi, ndipo utie urea ya asilimia 40 iliyopita kwenye chujio la maikroni 0.22, mililita 5 kwa kila 95 za msingi. Mtu ataniambia chujio ni ghali. Ghali kuliko nini? Kuliko kumwaga mirija yote uliyotengeneza, au kuliko kumpa mgonjwa jibu la uongo? Halafu pandeni na mrija wa msingi usio na urea, kila mara. Bakteria kama Pseudomonas anaweza kula peptoni, akatoa amonia taratibu, na ukimwacha siku kadhaa utaona waridi ambayo haina uhusiano wowote na urease. Usipokuwa na mrija wa kulinganisha, utajuaje?

Sasa figo. Kuna mama mmoja, muuza vitenge, alikuwa harudi nyumbani bila bahasha ya dawa. Kila akipima anaambiwa ana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Mkojo wake ulinuka amonia ukiwa umetoka kukojolewa, kijiti kilionyesha pH 8 na zaidi, na kila ulipooteshwa alitoka Proteus, S kwa siprofloksasini. Anapewa siprofloksasini, homa inashuka, mkojo unakuwa safi, anashukuru. Baada ya wiki chache amerudi. Akaambiwa anywe maji mengi. Akaambiwa choo chake kichafu. Mumewe naye akapewa dawa, na ndani ya nyumba ikaingia shaka ambayo haikustahili kuwepo. Majibu yakawa yanarundikwa kwenye faili, yote yanasema jina lilelile, na hakuna aliyeuliza kwa nini mdudu yuleyule anarudi wakati dawa inamuua.

Altrasaundi alikuja kupigwa kwa sababu ya maumivu ya mgongo, aliyeiomba hakuwa hata anafikiria mkojo. Jiwe lilikuwa limejaza figo ya kushoto, matawi yameingia hadi kwenye vikombe vya mkojo kama pembe zenye matawi. Figo ile haikuokolewa.

Sababu iko wazi. Urease inapandisha pH ya mkojo, na mkojo ukishapanda hivyo magnesiamu, amonia na fosfeti vinaganda kuwa jiwe la struvaiti. Na bakteria wenyewe wamo ndani ya jiwe. Dawa inaua wanaoelea kwenye mkojo, hawa wa ndani haiwafikii. Ndiyo maana ile S kwenye fomu ilikuwa ya kweli na bado mama hakupona. Jiwe lazima litoke, lote, kwa sababu kipande kikibaki na bakteria wake jiwe linaota tena.

Daktari mmoja ameshanijibu kwamba si kila mwenye Proteus ana jiwe. Kweli kabisa, wala simtaki mtu apige picha kila figo iliyopo mjini. Nataka maswali. Maambukizi yanajirudia? Ana mpira wa mkojo? Maana Proteus huyohuyo huujaza mpira magamba mpaka unaziba, na mgonjwa anabaki kibofu kimevimba huku muuguzi anadhani hakunywa maji. pH ya mkojo mbichi ni ngapi? Mbichi, nasema, kwa sababu mkojo uliokaa juani masaa 5 utapanda pH wenyewe. Na sisi wa maabara tuandike chini ya jina: "Kimelea hiki huvunja urea na huhusishwa na mawe ya figo, maambukizi yakijirudia, tunashauri picha ya figo." Mstari mmoja. Halafu tupige simu wodini.

Mwingine atasema siku hizi kuna mashine inatambua bakteria kwa dakika chache, mirija ya urea ni ya kizamani. Vizuri, mashine ikupe jina. Jina bila maelezo litakaa kwenye faili kama yale ya yule mama.

Naona mwenyekiti anaangalia saa, nitakimbia. Kwenye choo kikubwa, Proteus na Salmonella, bakteria wa kuhara, wote wanaweza kutoa weusi kwenye agari na wote hawali laktosi, sukari ya maziwa. Mrija wa urea unawatenganisha, kwa hiyo msimtangaze Salmonella kabla hamjausoma. Urea ya damu: hupanda hata kwa kukaukiwa maji au kutokwa damu tumboni, na hushuka ini likichoka, basi isomwe pamoja na kreatinini, taka nyingine inayotolewa na figo. Na mashine zetu nyingi huipima kwa urease hiyohiyo, kwa hiyo damu isije kwenye chupa yenye floraidi, ile ya kifuniko cha kijivu ya kupimia sukari. Floraidi inakizuia kimeng'enya, namba inatoka chini, na mgonjwa wa figo anaambiwa yuko salama.

Helicobacter pylori wa tumboni, naye mwenye urease kali, nilimwandalia sehemu yake lakini muda umekwisha. Anayemtaka aniulize. Tuanze na yule aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja chujio.