Nyumba Janja, Kazi za Watu na Usalama wa Kila Siku: Mhadhara kwa Mafundi na Wenye Nyumba, Kampala

Wazee wetu, mabibi na mabwana, nanyi vijana mnaosomea ufundi wa umeme na mawasiliano, asanteni kwa kufika.

Nianze na tarehe. Jioni ya Januari 13, 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima. Ilirudi baada ya siku kama tano. Wengi tunazikumbuka siku zile kwa ujumbe usiofika na biashara zilizokwama. Leo naomba tuzitazame kama mtihani wa nyumba janja, yaani nyumba yenye taa, kamera na milango inayoongozwa kwa simu. Taa ambayo kila amri yake husafiri hadi seva, yaani kompyuta ya kampuni, iliyoko ng'ambo kabla ya kuwaka, siku kama hizo hugeuka taa ya kawaida yenye bei kubwa. Kamera inayoweka picha zake kwenye wingu, yaani kwenye seva hizo za mbali, peke yake haihifadhi chochote. Kengele ya mlangoni inayoita simu yako ukiwa Mbarara haiiti mtu.

Hoja yangu ni moja. Kifaa cha nyumbani kipimwe kwa kile kinachofanya pale intaneti inapokatika na pale umeme unapokatika. Na fundi anayejua kukiwezesha kiendelee kufanya kazi katika hali hizo mbili ndiye atakayekuwa na kazi mwaka huu na miaka mingine mingi.

Msidhani ni shida yetu peke yetu. Oktoba 20, 2025, hitilafu katika vituo vya Amazon vya jimbo la Virginia ilizima kengele za milango na spika za watu walioko mbali kabisa na Virginia. Aprili 2022 kampuni ya Marekani iitwayo Insteon ilizima seva zake bila taarifa, na wateja wakaamka programu zao hazishiki tena taa zao. Mwaka 2016 vifaa vya Revolv vya kuongoza nyumba vilizimwa na kampuni iliyovinunua, vikabaki maboksi matupu. Umeme ulikuwepo, intaneti ilikuwepo, kifaa kilikuwa kizima. Kilichokufa ni seva ya mtu mwingine iliyokuwa katikati ya swichi na taa.

Kwa hiyo ukiwa dukani, muulize muuzaji swali moja tu: nikichomoa waya wa intaneti nyuma ya ruta, simu yangu iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumba itaiwasha taa hii? Mwombe ajaribu mbele yako. Kama hawezi, rudisha boksi kwenye rafu. Vifaa vya Zigbee, yaani vinavyowasiliana kwa redio ya masafa mafupi, vinavyoongozwa na kompyuta ndogo iliyomo ndani ya nyumba, yenye programu kama Home Assistant, hupita mtihani huo. Kamera yenye ONVIF, kiwango kinachoziwezesha kamera na rekoda za kampuni tofauti kuelewana, inayorekodi kwenye diski ya rekoda iliyo chumbani kwako hupita pia. Vifaa vyenye alama ya Matter, kiwango kilichotolewa Oktoba 2022, vimeundwa viongozwe kutoka ndani ya nyumba, lakini hata hivyo jaribu.

Sasa umeme. Hesabu hii fundi aifanye mbele ya mteja, kwa kalamu. Ruta wati 10, rekoda wati 15, kamera nne za wati 5 kila moja: jumla wati 45. Betri ya jeli ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza mara kwa mara kupita nusu unaiua mapema, basi hesabu 600. Ukipitisha kwenye inveta unapoteza takribani asilimia 15, zinabaki 510. Gawa kwa 45, unapata saa 11 na kidogo. Usiku mmoja. Inveta unaweza kuiruka kabisa, kwa sababu ruta nyingi na rekoda nyingi zinakula volti 12, ila usiunge moja kwa moja: betri inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na kitu, na hapo ndipo ruta huungua. Weka kifaa cha kutuliza volti katikati. Na mkoa huu wa Ziwa Victoria una radi nyingi. Kinga ya kulinda vifaa umeme unaporuka ghafla isiyo na waya wa ardhi unaofanya kazi ni pambo, kwa hiyo pimeni waya wa ardhi kwanza.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kosa ninaloliona limejaa katika kazi za mjini: kamera inayoona mchana na kufa usiku.

Mteja analalamika kwamba kamera ya nyuma ya nyumba hupotea kuanzia saa moja jioni na kurudi alfajiri. Fundi anabadilisha kamera. Mpya nayo inakufa. Anasema ni mchawi, au ni kampuni mbovu. Shida ni waya. Uzi mmoja wa Cat5e, ule waya wa mtandao wenye nyuzi nane katika jozi nne, ukiwa wa shaba halisi una ukinzani wa takribani omu 8.4 kwa mita 100. Kamera ikiwa mita 50 kutoka kwenye chanzo cha umeme, mkondo unakwenda mita 50 na kurudi mita 50, yaani omu 8.4 zote. Mchana kamera inavuta, tuseme, ampea 0.25: kati ya volti 12 unapoteza 2.1, inabaki na 9.9, inaendelea kuona. Giza likiingia, taa zake za infraredi, za kuonea gizani, zinawaka na ampea zinafika 0.5. Sasa unapoteza volti 4.2 na kamera inabaki na 7.8. Inazima. Ikizima, taa zake zinazimika, volti zinapanda, inawaka tena, inavuta, inazima. Ukisimama chini yake gizani utaona vile vinukta vyekundu vinapepesa. Saa zile zile mwizi anazozihitaji.

Na hiyo ni shaba halisi. Waya mwingi wa bei nafuu ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya ule wa shaba. Kwaruza uzi kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa aluminiamu. Boksi lake pia huwa jepesi ukilinyanyua.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, kama kamera ni ya analogi na jozi moja ndiyo inayobeba picha, tumia jozi tatu zilizobaki kwa umeme: nyuzi tatu kwa chanya, tatu kwa hasi. Ukinzani unashuka hadi omu 2.8, hasara ya usiku inakuwa volti 1.4, kamera inabaki na 10.6, na nyingi huvumilia hapo. Ya pili, na ndiyo ninayoipenda, ni kamera za PoE, zinazopata umeme kupitia waya ule ule wa mtandao. Umeme unasafiri kwa volti 48, na kamera ya wati 6 inapoteza takribani nusu volti tu kwa umbali ule ule. Ukishafunga, usipime mchana ukaondoka. Ziba kihisi cha mwanga kwa kiganja ili infraredi ziwake, kisha weka mita ya volti kwenye mwisho wa waya, upande wa kamera, ikiwa imeunganishwa. Namba ya pale ndiyo ukweli.

Diski nayo ina hesabu. Kamera ya megapikseli 2 kwa H.265, mbinu ya kubana video, hula takribani megabiti 2 kwa sekunde, yaani gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni 86.4. Diski ya terabaiti 1 inajaa kwa siku 11 na kuanza kujifuta. Mtu anayekwenda kijijini Krismasi na kurudi baada ya wiki mbili atakuta wizi wa siku ya pili umeshafutwa. Wekeni terabaiti 2.

Milango. Kufuli nyingi janja zimetengenezwa kwa mlango wa mbao wa unene wa milimita 35 hadi 55 hivi. Milango yetu mingi ya mbele ni ya bati la chuma na fremu ya kuchomelea, na fundi anayelazimisha hukata chuma hadi mlango unadhoofika kuliko ulivyokuwa na kufuli ya kawaida. Kufuli ya sumaku ndiyo inayonitisha zaidi: inashika kwa nguvu ya umeme, hivyo umeme na betri vikiisha, mlango unafunguka wenyewe. Ni sawa kwa mlango wa dharura wa ofisi, ambako watu lazima watoke moto ukitokea. Kwa geti la nyumba, mtu akikata waya amefungua geti. Kwa upande mwingine, dirisha lenye nondo pande zote na mlango wenye kufuli ndani ambayo ufunguo wake haujulikani ulipo, hilo ni kaburi moto ukiwaka. Dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kutoka ndani, na ufunguo uning'inie karibu nalo, mbali na mkono wa mtu aliye nje.

Kuna vile vifaa vya kufungua geti kwa kupiga simu, vyenye laini ndani yake. Vingi hutoka kiwandani na namba ya siri 1234, na vina mipangilio miwili: kumfungulia kila anayepiga, au kuzifungulia namba zilizoandikwa tu. Badilisha namba ya siri, chagua mpangilio wa pili, halafu ipigie kwa simu ya jirani uone. Kumbuka pia kuiweka laini hai, kwa sababu laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, nawe utakuwa nje mvua ikinyesha.

Kuhusu namba za siri nitasema kwa ufupi kwa sababu mmeshachoka kuhubiriwa. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na rekoda kwa mamia ya maelfu, na silaha yake ilikuwa orodha ya majina na nywila za kiwandani zisizozidi sabini. Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo la kamera liliangusha huduma za kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa za Marekani zikapotea. Kuzima na kuwasha kulimtoa mdudu kwenye kamera, lakini kama nywila ilikuwa ile ile, alirudi ndani ya dakika chache. Basi badilisha nywila kwanza, sasisha programu ya kamera, zima UPnP kwenye ruta, ile huduma inayoviruhusu vifaa kujifungulia milango ya kuingilia kutoka intaneti, na usifungue mlango wowote wa ruta ili kuona kamera ukiwa nje, tumia VPN, njia iliyofichwa ya kuingia kwenye mtandao wa nyumba. Kamera ziwe kwenye mtandao wao, simu na kompyuta kwenye mwingine.

Sasa watu. Nasikia wenye nyumba wakisema, nikifunga kamera nitamwachisha askari. Napinga. Kamera inaona, haiendi. Taarifa inayokufikia saa nane usiku ukiwa umelala haimzuii mtu aliyekwisha ruka ukuta. Mpe askari skrini ndogo kibandani, tochi ya kuchaji, na kitufe cha king'ora kinachotumia betri. Mfumo ule ule unaotaka kumfukuzisha utamfanya awe na macho manne, na hapo unastahili kumwongezea mshahara, kwa sababu kazi yake imekuwa ya ujuzi.

Na yaya, dada wa kazi. Kamera inawekwa sebuleni, mwenye nyumba hasemi kitu, dada anagundua baada ya miezi. Hilo ni kosa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahusu taarifa za mtu yeyote, na uso wake ni taarifa yake. Mwambie siku ya kwanza kamera ziko wapi na nani anazitazama. Chumba anacholala na bafu lake visiwe na kamera, hata kama mtoto analala humo. Geuza pia kamera isiangalie uani kwa jirani. Rekoda nyingi zinakuruhusu kufunika sehemu ya picha kwa rangi nyeusi.

Kwenu vijana: fedha ya kufunga inakuja mara moja, fedha ya matunzo inakuja kila robo mwaka. Mwandikieni mteja mkataba wa ziara nne kwa mwaka, na ndani ya ziara fanyeni mambo yanayoonekana. Futeni lenzi na utando wa buibui, kwa sababu wadudu huvutwa na mwanga wa kamera, buibui hufuata wadudu, na utando ukitikisika usiku simu ya mteja inapata taarifa mia za uongo hadi anazizima zote. Pimeni betri ikiwa imepumzika: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.8 imekwisha. Chezeni picha za wiki iliyopita, msitazame za moja kwa moja tu. Diski iliyokufa haionekani hadi siku ya wizi. Tazameni saa ya rekoda. Kibetri chake cha CR2032 kikiisha, umeme ukikatika tarehe inarudi miaka mingi nyuma, na picha yenye tarehe ya uongo italeta ubishi polisi na mahakamani.

La mwisho ni makabidhiano, na hapa mafundi wengi wanakosea bila nia mbaya. Wanafungua akaunti ya kamera kwa barua pepe yao wenyewe ili kazi iende haraka, wanampa mteja kama mgeni, wanaondoka. Miaka mitatu baadaye fundi yule bado anaweza kutazama sebule ya familia, na akipoteza simu, aliyeiokota anaweza pia. Fanyeni hivi: mwenye nyumba afungue akaunti kwa simu yake, aweke uthibitisho wa hatua mbili, askani msimbo wa kamera yeye mwenyewe. Wewe fundi uwe mgeni mwenye ruhusa ndogo, kisha akufute mbele yako. Mwachie karatasi moja yenye nywila za ruta na rekoda, ramani ya waya, na majina ya waliopewa ruhusa, aifungie kabatini. Mpangaji akihama au mfanyakazi akiondoka, jina lake lifutwe na namba yake ya siri ya mlango ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kabla mteja hajalipa, nendeni pamoja kwenye swichi kuu saa mbili usiku, mzime umeme, mchomoe waya wa intaneti, mkae dakika kumi na tano gizani. Geti, king'ora, rekoda, kamera ya nyuma: kagueni kimoja kimoja. Kisichofanya kazi, kiandikwe, na malipo ya mwisho yasubiri.

Karibuni kwa maswali.