Keki za Mwezi za Guangdong, Kuanzia Shira Hadi Kalibu

Karibuni jikoni. Leo tunaoka keki za mwezi za mtindo wa Guangdong, kusini mwa China, zinazoliwa kwenye sikukuu ya mavuno, usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa 8 kwa kalenda yao. Mwaka 2026 ni Septemba 25. Kalenda hiyo hufuata mwezi wa angani kama ile ya Kiislamu, ila kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi mmoja. Ndiyo maana sikukuu haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani. Huitwa Zhongqiu, katikati ya vuli, na vuli hiyo ni ya kuvuna, siyo ya mvua.

Shira ipikwe wiki mbili kabla. Sukari gramu 400, maji gramu 200, maji ya limau gramu 50. Ikianza kuchemka weka mwiko pembeni, usikoroge tena. Moto mdogo, dakika 45 hivi, hadi rangi ya asali. Wapishi wa kaimati wanaijua kazi ya limau: shira haigandi chembechembe. Hapa kuna la ziada, kwa sababu sukari iliyovunjwa na asidi hushika unyevu, na unyevu huo ndio utakaolainisha ganda. Shira nyepesi hufuta chapa ndani ya oveni. Nzito mno hupasua ganda.

Maji ya magadi: tandaza magadi soda kwenye trei, oka nyuzi 120 kwa saa nzima, kisha koroga gramu 10 katika maji gramu 40. Usiishike kwa mkono mtupu, inawasha.

Sasa ganda. Shira gramu 70, mafuta ya karanga gramu 25, maji ya magadi gramu 2. Piga mpaka vishikane, ndipo utie unga wa ngano wa keki gramu 100. Changanya tu, usikande, maana ukikanda ganda litanywea. Magadi yakizidi, keki inakuwa nyeusi na ladha ya sabuni. Funika saa mbili.

Wakati unasubiri, simulia kisa chenyewe. Jua zilikuwa kumi, dunia ikaungua. Mpiga mishale Hou Yi akaziangusha tisa, akazawadiwa dawa ya kutokufa. Mkewe Chang'e akainywa, akapaa hadi mwezini. Wengine husema aliiba, wengine kwamba aliinywa isiporwe na mwanafunzi mwovu wa mumewe. Huko yuko na sungura wa jiwe la jade anayetwanga dawa kwenye kinu. Siyo yule Sungura mjanja wa hadithi zetu. Huyu ni kutwanga tu. Gari la China lililotua mwezini mwaka 2013 lilipewa jina lake, Yutu.

Cha kujazia: Guangdong hupenda mbegu za yungiyungi, lakini choroko nazo hutumika. Chukua zilizokobolewa gramu 150, loweka saa nne, pika kwa mvuke, chekecha. Kaanga na sukari gramu 80 na mafuta gramu 50 hadi rojo liache sufuria. Likibaki laini, keki itatanuka kitako.

Pima ganda gramu 15, choroko gramu 25, na kiini cha yai la bata lililolowekwa chumvini, gramu 10. Fungia kiini ndani ya choroko, kisha sukuma ganda lipande juu taratibu kwa kiganja. Usiache hewa katikati. Nyunyiza unga kidogo mno, tia kwenye kalibu ya gramu 50, bonyeza, toa. Zitatoka 12.

Puliza maji kidogo juu, oka nyuzi 200 dakika 5 chapa ishike. Toa, zipoe, paka kiini cha yai kwa brashi iliyokaribia kukauka, kwenye miinuko tu. Yai jingi huziba maua yote. Rudisha nyuzi 175, dakika 15.

Zikitoka ni ngumu na hazina mng'ao. Usizitupe! Zifunge chomboni siku mbili au tatu: mafuta na shira hurudi kwenye ganda, linalainika na kung'aa.

Usiku wenyewe ziweke mezani na balungi na chai chungu, kata kila moja vipande vinne kwa kisu kilichochovywa maji ya moto. Kiini kikionekana pembeni badala ya katikati, kosa lilikuwa kwenye kuviringisha, siyo kwenye oveni.