Spika Bapa na Besi Iliyolegea

BAKARI: Mtu ana Magnepan LRS+, spika bapa, sebuleni. Sauti ya mwimbaji safi kabisa, ila gitaa la besi na ngoma vimelegea. Dada Mwanaidi, aanzie wapi?

MWANAIDI: Aanze na futi kamba, hela aziache kwanza. Spika bapa haina boksi. Utando wake mwembamba unaotetema ukisukuma hewa mbele, nyuma unaivuta, na kwenye besi pande hizo mbili zinafutana. Wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, na paneli, yaani spika yenyewe, ina upana wa sentimita 37 hivi. Linazunguka ukingo bila shida.

BAKARI: Halafu wengi wanaisogeza ukutani, kama walivyozoea na spika za boksi.

MWANAIDI: Ndiyo wanaimaliza! Wimbi la nyuma linagonga ukuta na kurudi bado limepinduka, linavuta pale la mbele linaposukuma. Ukuta ukiwa karibu sana, linazidi kuifuta besi. Paneli ikiwa mita 1 kutoka ukutani, mawimbi yanasaidiana kwenye hezi 86 na kufutana kwenye 172. Isogeze hadi mita 1.5: yanasaidiana kwenye 57, yanafutana kwenye 114. Zidisha umbali kwa 4, kisha gawa 343, kasi ya sauti ya mita kwa sekunde, kwa jibu hilo, unapata pa kusaidiana. Ukizidisha kwa 2, unapata shimo, yaani pa kufutana.

BAKARI: Kwa hiyo anaanza mita 1, anasogeza sentimita kumi kumi.

MWANAIDI: Huku akipiga wimbo ambao besi inapanda na kushuka noti kwa noti. Noti moja ikivuma na jirani yake ikipotea, bado. Na kiti kisiwe katikati kabisa ya urefu wa chumba, maana hapo besi ya chini inapungua.

BAKARI: Na ampu, kile kikuza sauti?

MWANAIDI: Spika hii ina ukinzani wa omu 4, na inatoa sauti ya desibeli 86 kwa volti 2.83. Inavutia kwenye karatasi, lakini volti hizo kwenye omu 4 ni wati 2. Kwa wati 1 unabaki na 83. Kila desibeli 10 zaidi zinadai wati mara kumi, na pigo la ngoma linazidai ghafla. Tafuta ampu ambayo wati zake kwenye omu 4 zinakaribia mara mbili ya zile za omu 8.

BAKARI: Na sabufa, spika ya besi pekee? Simaanishi ile redio ya sebuleni yenye taa za rangi.

MWANAIDI: Hahaa, hapana kaka. Chukua yenye boksi lililozibwa, isiyo na tundu la hewa. Mbili zikipatikana, bora zaidi. Kosa kubwa ni kuongeza sabufa huku paneli zikiendelea kupokea besi yote. Zikatie besi ya chini ya hezi 80, desibeli 24 kwa oktavo, yaani kila hezi zinaposhuka nusu, na sabufa ikatwe hapo hapo kwenda juu. Utando unapumzika, na sauti za kati zinapata nafasi.

BAKARI: Kuzioanisha ndiko kunakowashinda watu.

MWANAIDI: Geuza nyaya za sabufa, au swichi yake ya fezi, kwa makusudi. Piga toni ya hezi 80, kisha rekebisha ucheleweshaji wa sabufa mpaka sauti iwe ndogo kuliko zote pale kwenye kiti. Rudisha nyaya au swichi ilivyokuwa, ucheleweshaji uache hapo. Sasa vinasukuma pamoja.

BAKARI: Shimo likibaki, anainua kwa ikwalaiza?

MWANAIDI: Asithubutu. Desibeli 6 ni wati mara nne, na shimo la kufutana halijai. Ukiongeza wimbi la mbele, la nyuma linaongezeka pia. Utando ukianza kugonga sumaku utasikia tak-tak kavu. Punguza sauti papo hapo.