Bonde la Msimbazi: chini tuyaachie maji, watu wakae ukingoni

Shikamooni wazee wangu, vijana habari zenu. Nianze na mlango mmoja Kigogo bondeni, hapa Dar es Salaam, nilikaribishwa ndani nikaingia nimeinama, manake kila mvua ikipita mwenye nyumba anamwaga kifusi kupandisha sakafu, sasa hivi dirisha liko usawa wa goti. Mlango haukujengwa mfupi jamani, ardhi ndo imepanda.

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, huko juu miti imekatwa watu wanajenga, udongo unashuka, ukifika Jangwani pako tambarare basi mchanga unatua hapohapo unaziba chini ya daraja, alafu ikitokea bahari nayo imejaa pale Salenda, mto unapoingia baharini, maji yanakosa pa kwenda yanarudi vyumbani kwa watu. Desemba 2011 tulizika watu zaidi ya 40. Wengi waliopona wakapelekwa Mabwepande, mbali pembezoni mwa jiji, baadhi wakarudi bondeni, na msiwalaumu, mtu anabeba mizigo Kariakoo, alfajiri anatembea kwa miguu anafika, ukimhamishia kule nauli peke yake inamaliza alichopata.

Thamani ya bonde ndo hiyo, ukaribu. Mradi wa sasa wa bonde, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa 2022, una wazo moja nalipenda sana: bonde lichimbwe liwe na kina, udongo uleule uinue kingo, katikati ibaki bustani ya kupokea maji na nyumba zikae pembeni. Na kujenga kwenda juu tunaweza, angalieni Magomeni Kota hapo jirani, kaya 644 zilibomolewa nyumba zikasubiri miaka, 2022 yakazinduliwa maghorofa kwa ajili yao palepale walipotolewa. Palepale!

Kinachoninyima usingizi ni mpangaji. Nyumba ya bondeni unakuta ina vyumba sita na kila chumba kina familia yake, fidia ya nyumba inaenda kwa mwenye nyumba, yule wa chumba cha nne anaokota godoro na jiko la mkaa anaondoka, na ukingo ukishainuliwa ukakauka bei yake itakuwa ya watu wengine kabisa. Mimi naomba vyumba vya kupanga, kodi ya mwezi kwa mwezi sio miezi sita kwa mpigo, viandikwe kwenye mkataba wa kiwanja kabla mnunuzi wa kwanza hajaonyeshwa ramani.