Mizinga miwili ya Ngome ya Yesu: tutazame nini tukivuka Horohoro
Mhadhara kwa walimu na wanafunzi, Tanga

Assalaam aleikum walimu wangu, nanyi vijana.

Kutoka hapa Tanga hadi Ngome ya Yesu, Mombasa, si mbali: Horohoro, Lunga Lunga, kivuko cha Likoni, mmefika. Wageni wengi huipiga picha mizinga miwili iliyoko pale, wakapita. Naomba sisi tusimame hapo kwa muda.

Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani, Königsberg. Wa pili ni wa Pegasus ya Waingereza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo yake inatengenezwa, Königsberg ikatokea. Makombora ya Mjerumani yakafika. Ya Pegasus yakaangukia majini njiani, na meli ikazama.

Sasa, chukueni futi ya fundi cherehani, na mlinzi aombwe ruhusa kwanza. Ndani ya mtutu wa namna hii kuna matuta na mifereji inayojizungusha. Ndiyo inayolisokota kombora lisipinduke angani. Pimeni tuta kwa tuta. Ukipima mfereji kwa mfereji utapata zaidi ya kipimo chake. Wa Königsberg ni milimita 105, wa Pegasus karibu 102. Milimita 3 tu! Basi ukubwa wa tundu haukuamua vita ile. Masafa yanategemea pia wingi wa baruti, uzito wa kombora, na mtutu unaweza kuinuliwa kiasi gani. Kwa hiyo tazameni pale mtutu unapokalia.

Mzinga wa meli hufungwa kwa boliti sitahani. Königsberg ilijificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, Waingereza wakaleta Severn na Mersey, meli zinazoelea kwenye maji machache, huku ndege ikiwaelekeza shabaha. Tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Kisha wakaiopoa mizinga yote 10, wakaitengenezea magari ya kuikokota, ikapigana nchi kavu. Mkikuta mzinga wa baharini una magurudumu, jueni una maisha mawili.

Na Tanga yetu imo. Aprili 1915 meli ya Kijerumani ya Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilikimbizwa na manowari ya Waingereza, Hyacinth, hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya mji huu. Nahodha wa Rubens akafungulia maji yaingie, shehena ya risasi isilipuke, na juu ya sitaha akawasha moto ili adui adhani imeteketea. Risasi zikaokolewa, lakini zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Ikabidi zifunguliwe, baruti ianikwe, zijazwe upya. Na bado nyingine ziligoma kulipuka.

Rubens ilibeba pia makaa ya mawe ya Königsberg. Kule Rufiji yalikuwa yanasubiriwa, yaliishia Manza.